Spishi vamizi: tunachelewa mwanzoni, tunakurupuka mwishoni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini taarifa mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu spishi vamizi, pamoja na ile picha iliyopigwa kutoka angani ya ziwa lililofunikwa na gugumaji hadi mitumbwi ikashindwa kupita. Sina ugomvi na yaliyoandikwa, kwani yalikuwa ya kweli. Nimeshika kalamu kwa sababu, kama ilivyo desturi ya vyombo vyetu vya habari, hadithi hiyo ilianza kusimuliwa pale ambapo sehemu yake muhimu ilikuwa imeshapita. Mmea ukifikia hatua ya kupigwa picha kutoka kwenye ndege, kazi ya kuuondoa, ambayo mwanzoni ingewatosha watu wachache kwa siku chache, imeshageuka kuwa mzigo wa vizazi. Ninaloomba kulijadili ni kipindi kile kilichotangulia picha, ambacho huwa hakiandikwi na mtu.

Kabla ya hapo, niruhusu nitoe angalizo moja kuhusu maneno. Msomaji wa taarifa ile angeweza kudhani kwamba kila mmea au mnyama aliyetoka mbali ni adui wa kupigwa vita. Sivyo. Mahindi, ngano, viazi na mhogo ni vigeni katika sehemu kubwa ya dunia vinakolimwa leo, na hakuna anayevituhumu kwa lolote. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, linalojulikana kwa kifupi kama IPBES, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba binadamu wamehamisha zaidi ya spishi 37,000 hadi maeneo ambayo hazikuwapo, na kwamba kati ya hizo ni kama 3,500 tu ambazo madhara yake yamethibitishwa. Kwa hiyo wavamizi hawafiki hata mmoja katika kila wageni kumi. Hata hivyo, wachache hao wamechangia, peke yao au wakisaidiana na sababu nyingine, katika asilimia 60 ya matukio yanayojulikana ya spishi kutoweka duniani. Kwa hiyo tatizo halimo katika ugeni wenyewe. Tatizo ni kwamba wale wachache watakaoharibu hufika wakiwa na sura ileile ya wengi wasio na neno, na huchukua muda kabla ya kujionyesha.

Muda huo ndio unaotuponza. Kati ya siku mgeni anapotua na siku anapoanza kudhuru, mara nyingi hupita miaka mingi ya kimya, ambayo inaweza kusababishwa na uchache wa idadi, ugumu wa kupata mwenza, au kusubiri barabara ikatwe, msitu uungue au mto ufurike ndipo nafasi ipatikane. Lakini pia kuna sababu ya hesabu tu, ambayo hatuizingatii. Gugumaji, likipata joto na rutuba ya kutosha, linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Hiyo ina maana kwamba wiki mbili kabla ya kulifunika ziwa zima, lilikuwa limefunika nusu yake. Miezi mitano hivi kabla ya hapo, lilikuwa limechukua takriban sehemu moja katika elfu moja, yaani kiasi ambacho mtu aliyesimama ufukweni angekiona kama pambo.

Na ni pambo kweli. Ukilishika mche mmoja wa gugumaji mkononi, utaona bua lililovimba karibu na kitako, laini na la kung'aa. Ukilipasua kwa kisu, ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo vya hewa kama sifongo, na hilo ndilo boya linaloufanya mmea uelee. Ubavuni hutokeza kikonyo kirefu kama kamba, na kwenye ncha yake kuna mche mwingine ulio tayari, wenye majani yake na mizizi yake myeusi yenye manyoya. Wimbi au kasia likikikata kikonyo hicho, mmea haujafa bali imekuwa miwili. Ua lake ni la zambarau hafifu, lenye doa la manjano katika petali ya juu, na ni kwa ajili ya ua hilo watu waliubeba mmea huu kutoka Amerika Kusini na kuutia katika mabwawa ya bustani karibu kila bara lenye joto. Mbegu zake huzama kwenye matope na zinaweza kukaa humo hai kwa miaka 20 hivi. Aliyeng'oa mimea yote leo hajamaliza kazi.

Mahali ambapo kimya hiki kiliwadanganya hata wataalamu ni kisiwa cha Guam, katika bahari ya Pasifiki. Muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Pili, nyoka wa miti wa rangi ya kahawia alifika huko, yamkini akiwa amejificha katika shehena za kijeshi. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjali. Baadaye ndege wa msituni wakaanza kupotea, kwanza upande wa kusini na kisha kuelekea kaskazini, na watafiti wakatafuta chanzo katika viuatilifu na katika magonjwa ya ndege. Ni katika miaka ya 1980 ambapo mwanabiolojia Julie Savidge alithibitisha kwamba mlaji alikuwa nyoka huyo, aliyekuwa akipanda miti usiku na kula mayai, makinda na ndege wazima. Jibu lilipopatikana, wengi wa ndege wa asili wa msitu ule walikuwa wameshatoweka kisiwani. Madhara hayakuishia hapo. Ndege walipoondoka, buibui waliongezeka kupita kiasi, na miti iliyotegemea ndege kusambaza mbegu zake ikabaki ikiangusha matunda chini ya kivuli chake yenyewe. Hivi ndivyo mfumo wa ikolojia unavyoumia: anayeliwa ni mmoja, lakini wanaokosa huduma yake ni wengi.

Nitaje sasa kisa ambacho kwangu mimi kinatosha kufundishia jambo hili lote, kwa kuwa kina pande mbili zinazolinganishika. Mwaka 1984, mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, lilionekana chini ya maji zulia dogo la mwani wa kijani kibichi, ambalo ukubwa wake ulikuwa kama mita moja ya mraba. Mwani huo, unaoitwa Caulerpa taxifolia, ulikuwa wa aina iliyozoeleka kupamba matangi ya samaki, yenye uwezo wa kustahimili baridi kuliko ndugu zake wa porini, na yenye sumu inayowafukuza wengi wa wanyama wanaokula mwani. Mita moja ya mraba ni eneo ambalo mzamiaji mmoja angeweza kulisafisha kabla ya chakula cha mchana. Badala yake kukazuka mabishano: umetoka wapi, nani alaumiwe, je, si mwani wa kawaida tu uliokuja na mikondo ya bahari? Kufikia mwaka 1989 zulia lilikuwa limefika kama hekta moja, na katika miaka ya 1990 likahesabiwa kwa maelfu ya hekta kando ya pwani za Mediterania, likifunika majani ya bahari ambamo samaki wengi hukulia. Haki inanitaka niseme kwamba baadaye mwani huo ulipungua wenyewe katika sehemu nyingi, na si utabiri wote wa maafa uliotimia. Lakini kupungua huko hakukuwa kazi ya mtu yeyote, na hakuna serikali inayoweza kuweka bahati katika bajeti.

Upande wa pili ni wa California. Mwezi Juni mwaka 2000, wazamiaji waliokuwa wakikagua majani ya bahari katika wangwa wa Agua Hedionda, karibu na San Diego, waliukuta mwani uleule. Zilipita siku 17 tu tangu utambuliwe hadi kazi ya kuuangamiza ilipoanza. Kila fungu lilifunikwa kwa turubai la plastiki, kingo zake zikagandamizwa sakafuni kwa mifuko ya mchanga, kisha klorini ikaingizwa chini ya turubai. Uvuvi na michezo ya majini vikawekewa masharti katika eneo hilo, jambo ambalo halikumfurahisha kila mtu. Wazamiaji waliendelea kurudi na kukagua kwa miaka, mita kwa mita, wakitafuta kipande kilichosalia, kwa sababu kipande kidogo cha mwani huu kinaweza kuota upya. Mwaka 2006 ulitangazwa kuwa umekwisha. Gharama ilizidi dola milioni 7 za Marekani, na bila shaka wapo waliouliza kama fedha hizo zilistahili kutumika kwa jani. Naamini hilo ni swali la haki, ila linapaswa kuulizwa pia Monaco.

Tofauti kati ya pwani hizi mbili haikuwa ya elimu, wala ya utajiri. Wa pili walikuwa wamesikia habari za wa kwanza. Kwa hakika ni habari zilizookoa ule wangwa, na ndiyo maana barua hii naielekeza kwa Mhariri badala ya waziri.

Wakati mwingine ishara ya mwanzo huja hata ikifanana na baraka. Kome wenye milia waliotoka maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi waligunduliwa mwaka 1988 katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Kanada na Marekani, baada ya kusafiri ndani ya maji ambayo meli hubeba ili zisiyumbe na kuyamwaga bandarini. Kome mmoja, ambaye urefu wake hauzidi sentimita tano hivi, huchuja hadi lita moja ya maji kwa siku. Maji ya maziwa yale yakawa maangavu kupita yalivyozoeleka, na kwa macho ya kawaida huo ni usafi. Kumbe kilichoondolewa kilikuwa viumbe vidogo vielevyo, ambavyo ni chakula cha samaki wachanga, huku kome wenyewe wakijibandika mmoja juu ya mwingine ndani ya mabomba ya mitambo ya maji na umeme hadi wakayaziba. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ya meli ulikubaliwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2017. Kome hawakusubiri.

Basi, tukishachelewa hivyo, hufuata kosa la pili ambalo ni mtoto wa lile la kwanza: kukurupuka. Mtu aliyelala hadi nyumba inaungua huwa hachagui cha kuzimia moto. Mfano unaotajwa kila mara ni wa chura mkubwa aliyepelekwa Australia mwaka 1935 kutoka Hawaii ili ale mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa ya Queensland. Chura yule hana ustadi wa kupanda, mbawakawa wazima hukaa juu kwenye majani ya miwa, na mabuu yao hukaa ardhini yakitafuna mizizi. Kwa hiyo mlaji na mlo wake hawakukutana sana. Mtaalamu wa wadudu, Walter Froggatt, alionya mapema kwamba mnyama huyo anaweza kugeuka balaa, na uachiaji wa vyura ukasimamishwa kwa muda, kisha ukaruhusiwa tena. Leo vyura hao wameenea kaskazini mwa bara hilo, na wanyama wa asili wanaojaribu kuwala, wakiwamo nyoka, kenge na wanyama wadogo walao nyama, hufa kwa sumu iliyo katika tezi za mabegani mwao.

Kisa cha konokono ni kibaya zaidi, ingawa hakisimuliwi sana. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye kwao hana mbwembwe yoyote, alisafirishwa hadi visiwa vingi vya Pasifiki na akawa mharibifu wa mazao. Ili kumkomesha akaletwa konokono mwingine kutoka kusini mwa Marekani, mwenye rangi ya waridi na tabia ya kuwinda konokono wenzake kwa kufuata ute wao. Katika kisiwa cha Moorea aliachiwa mwaka 1977. Mwindaji huyo alipendelea konokono wadogo wa asili, wa jenasi ya Partula, ambao walikuwa wameishi katika mabonde yale kwa muda mrefu kiasi cha kila bonde kuwa na rangi na michirizi yake, na ambao wanasayansi walikuwa wakiwachunguza ili kuelewa namna spishi mpya zinavyotokea. Ilichukua kama miaka 10 tu karibu wote wakatoweka porini kisiwani humo. Wengi wa waliosalia ni wale waliochukuliwa mapema na kulelewa katika masanduku ya vioo kwenye bustani za wanyama za ng'ambo, na wazao wao wameanza kurudishwa visiwani katika miaka ya karibuni. Konokono mkubwa, aliyesababisha yote hayo, hakuangamizwa na yule mwindaji.

Nisije nikaeleweka kwamba napinga kumtumia kiumbe mmoja kumdhibiti mwingine. Ninachopinga ni pupa. Kidung'ata wa mhogo alipoingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kwa kasi ya kutisha, watafiti walirudi hadi Amerika Kusini, asili ya mhogo wenyewe, wakatafuta nini kinachomzuia mdudu huyo asilete maafa kwao. Mwaka 1981 walimpata nchini Paraguay, akiwa pamoja na nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai lake ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu huyo alipitishwa kwanza karantini ili ihakikishwe kwamba hatadhuru kingine, ndipo akaachiwa. Kazi hiyo iliyoongozwa na Hans Rudolf Herren ilifanikiwa katika nchi nyingi, na mwaka 1995 ikampatia Tuzo ya Chakula ya Dunia. Nyigu alifaulu kwa sababu maisha yake yote yamefungwa katika mdudu mmoja, ilhali chura na yule konokono mwindaji walikuwa na midomo isiyochagua. Hilo lingeweza kujulikana kabla ya kufungua kasha.

Hata dawa iliyopimwa vizuri hubaki kuwa dawa ya mahali pake. Nondo kutoka Argentina ambaye viwavi wake hula dungusi aliachiwa Australia mwaka 1926, na katika miaka michache akafyeka mimea hiyo ya miiba iliyokuwa imezifanya mamilioni ya hekta kuwa mapori yasiyopitika. Ni moja ya ushindi mkubwa katika historia ya fani hii. Miaka 30 baadaye nondo yuleyule akapelekwa visiwa vya Karibi, na mwaka 1989 akaonekana Florida, mlangoni mwa Mexico, nchi ambayo dungusi ni mmea wake wa asili na una spishi nyingi ajabu. Shujaa wa bara moja akawa mvamizi wa jingine. Alipobainika katika kisiwa cha Isla Mujeres mwaka 2006, Wamexico hawakukaa kubishana. Waliondoa mimea iliyoshambuliwa na kutega mitego, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba amekwisha kisiwani humo.

Najua yupo atakayesema kwamba kukimbilia kila mmea mpya ni kupoteza fedha, kwa sababu wageni wengi hawana madhara. Hoja hiyo ina uzito, na mimi mwenyewe nimetaja takwimu zake. Lakini tutazame tunavyotumia fedha sasa. Ripoti niliyoitaja ilikadiria gharama za uvamizi huu duniani kuwa zaidi ya dola bilioni 423 kwa mwaka 2019 peke yake. Katika gharama hizo, asilimia 92 ni hasara iliyosababishwa na spishi zenyewe, na asilimia 8 tu ndiyo iliyotumika kuzidhibiti. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba nchi nne katika kila tano zimeandika malengo kuhusu spishi vamizi katika mipango yao ya bioanuwai, ilhali zenye sheria mahususi ni asilimia 17. Desemba 2022, katika mkutano wa Montreal, mataifa yalikubaliana kupunguza kwa angalau nusu kasi ya kuingia na kuota mizizi kwa spishi hizi ifikapo mwaka 2030. Sheria zisipoandikwa, lengo hilo litabaki mapambo ya makabati.

Kwa upande wa gazeti, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba kurasa zenu za bustani na ufugaji zisipendekeze mmea au mnyama wa mapambo bila kutaja ametoka wapi na anafanya nini akitoroka, na zisichoke kumkumbusha msomaji kwamba maji ya tangi la samaki, pamoja na kilichomo, hayamwagwi mtoni. La pili ni kwamba mfungue safu fupi, hata kama ni ya mara moja kwa mwezi, itakayomwonyesha msomaji spishi ambayo haijaenea bado, yenye picha ya karibu inayoonyesha jani, ua au gamba lake, na maelezo ya mambo matatu: namna ya kuitambua, kiumbe wa asili anayeweza kufananishwa nayo kimakosa, na mtaalamu wa kupelekewa taarifa kabla mtu hajaing'oa au kuitupa. Mara nyingi anayeiona ya kwanza ni mvuvi, mchungaji au mtoto anayecheza ufukweni, ambaye hana njia ya kujua kwamba alichokiona hakikuwapo mwaka jana.

Na kama ombi hilo litakubaliwa, napendekeza safu ianze na picha ya mche mmoja tu wa gugumaji ukielea peke yake kwenye maji meupe, ukiwa na kikonyo kimoja kilichoanza kutokeza ubavuni.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi